Nyuzi za Bibi Zaituni

Gisenyi, Jumatano 10 Aprili 1957

Nimefagia baraza la Bibi Zaituni kama kila asubuhi. Sijui namfagilia nani. Nimefuta cherehani, nimeitia mafuta. Saumu si nzito leo, ila mikono haitulii. Tangu niache shule nilikuwa nakaa hapa kujifunza ufundi, yeye akishona, mimi nikipinda mikono ya kanzu. Sasa kimya.

Kitambaa cheupe cha akina mama wa Nyamyumba bado kiko kabatini. Aliwaahidi gauni za watoto wao za komunyo ya kwanza, Jumapili baada ya Pasaka. Kisha akafa. Baba anasema nizishone mimi. Nimesema ndiyo. Labda hakusikia.

Alhamisi 11 Aprili

Nyuzi hazipo.

Bibi hakutumia mita. Kila mteja alikuwa na uzi wake wenye mafundo: bega, kifua, kiuno, urefu. Zote zilining'inia kwenye msumari mmoja juu ya cherehani. Leo msumari ni mtupu. Nimemuuliza dada yake, Bibi Sauda. Siku ya kugawa nguo za marehemu alitafuta kamba za kufungia mafurushi. Akaona vinyuzi vyenye mafundo, akavifungua. Akavinyoosha vizuri kabisa! Nilipomweleza amelia. Nilikasirika, halafu nikaona haya.

Itabidi niende Nyamyumba kupima upya. Niongee na watu nisiowajua.

Jumamosi 13 Aprili

Nimekwenda. Akina mama walikuwa ufukweni wanapanga samaki.

"Yewe mutoto, fundi iko wapi?" Huyo ni Mama Konsolata, mkubwa wao.

"Ni mimi."

"We? Na sauti umeiacha nyumbani?"

Wakacheka wote. Nimepima haraka bila neno. Watoto walisimama wima kama mbele ya masista. Nikarudi karibu kukimbia.

Jumatano 17 Aprili

Aibu. Nilishikiza gauni la Konsolata kwa mkono, mama yake akamleta kulijaribu. Kifua kinabana. Pindo linaburura chini.

"Hii ni gauni ao ni gunia?"

Bibi Zaituni hakuwahi kumkosea, akasema. Amenipa nafasi moja. Nikapime tena Jumatatu ya Pasaka, mbele yake. Nikishindwa wanachukua kitambaa chao, wanakipeleka kwa fundi wa Goma. Wote.

Nimetamani kutupa mkasi ziwani. Alhamdulilahi sijakata vingine.

Ijumaa 19 Aprili

Siwezi kukaa. Nazunguka uani, mama ananifukuza jikoni.

Nimekumbuka jambo. Bibi hakupima kimya hata siku moja. Aliuliza habari za mbuzi, za nani kagombana na nani shuleni. Nilidhani ni maneno tu ya mtu mzima. Lakini mtoto akijua anapimwa hubana kifua, hujinyoosha mabega juu, na vipimo vinakosea. Bibi aliongea mpaka mabega yakashuka, ndipo akafunga fundo. Nimeona kwa macho yangu mara nyingi na sikuona kitu.

Kwa hiyo lazima niongee. Afadhali ningeambiwa nibebe cherehani kichwani hadi Nyamyumba.

Jumatatu 22 Aprili

Nilikaa juu ya jiwe karibu na chemchemi ya maji moto. Watoto wananitazama. Mama Konsolata amesimama, mikono kiunoni. Nikaanza na Bibi Zaituni, maana sina mwingine.

Nikawaambia alivyomsalimia mbuzi wa jirani: "Hujambo bwana, shuka kwenye kitambaa changu." Nikawaambia siku yangu ya kwanza nilishona mkono wa kanzu ukazibika mwishoni, naye akauvaa mguuni kama soksi, akatembea nao barazani mpaka wapita njia wakasimama.

"Na we ukalia?" Konsolata akauliza.

Nikasema nililia sana. Wakacheka. Mabega yakashuka. Nikafunga fundo. Nikaendelea.

Nilipogeuka Mama Konsolata alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitambaa chake.

"Endelea, fundi," akasema.

Alhamisi 25 Aprili

Nashona. Kiu. Naogopa jasho lisidondoke kwenye weupe huu. Nimefumua gauni la Konsolata. Limeokolewa na kitambaa cha ziada cha mshono ambacho Bibi alinilazimisha kuacha kila mara, na mimi nikinung'unika moyoni.

Nina hasira naye kwa kufa. Naandika hivyo hivyo.

Jumapili 28 Aprili

Watoto wamepita asubuhi kutoka kanisani. Nilikuwa barazani. Hakuna pindo lililoburura. Konsolata alikuwa ameshikanisha mikono kama walivyofundishwa, basi akanisalimu kwa kichwa.

Mchana nimetundika nyuzi zao kwenye msumari. Uko juu, Bibi alikuwa mrefu. Nimepanda kigoda. Baba amenikuta huko, akasema ataung'oa aupigilie chini kidogo, nifikie.

Nimesema hapana. Amesikia.