Nyumba Uliyoitoka Siku Tatu

Mama,

Nyumba bado ni yangu. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua, usingesoma mstari mwingine kabla ya kulijua. Sasa tulia nikueleze mwanao Bakari alivyotaka kunitoa nje.

Mwaka na kitu umepita tangu tukuzike. Wale askari wa kizungu wa kukodiwa wenye nguo nyeusi bado wanazunguka Moroni na magari yao kana kwamba visiwa hivi wameviokota njiani. Hata huku kisiwani kwetu, Mutsamudu, watu wamejifunza kushusha sauti wakiwaona. Mimi sikujifunza. Mwanao unanijua.

Basi baada ya Idi akaja mfanyabiashara mmoja kutoka Moroni, kanzu imepigwa pasi hiyo! Akasimama uani akaanza kupima ukuta kwa hatua. Nikamwambia, bwana, umepotea? Akanitolea karatasi ya Kifaransa yenye mihuri. Amenunua nyumba, muuzaji ni Bakari, mrithi wa marehemu, na mimi nina mwezi mmoja nihame. Mama, nilicheka. Haki ya Mungu nilicheka, kisha nikakaa juu ya kinu.

Tangu lini mwanamume wa kwetu akawa na nyumba? Mwanamume huoa akaingia kwa mkewe na sanduku lake, nyumba ni ya binti. Hata watoto wa chuoni wanajua. Lakini Bakari kaoa Ngazidja, kisiwa cha Moroni, na anataka kufanya ile harusi kubwa ya kwao, inayomaliza mali ya mtu, ili akae mbele na watu wazima. Yaani apate heshima kwa kuuza nyumba ya dada yake! Mkataa kwao mtumwa.

Unakumbuka wanawake wa Mirontsy hapo jirani walivyokuwa wakikujia kabla ya kununua nyumba, kwa kuwa babu alikuwa karani wa kadhi huko Unguja nawe ulikua ukimsikiliza? Wakianza na bei unawakata kauli. "Bei mwisho. Kwanza uliza nani analala humo. Ufunguo uko kwa nani? Majirani wa pande zote wanasemaje, kila mtu ataje mpaka wake kwa kinywa chake. Na uliza kama kuna dada." Nilikuwa nakuona msumbufu, nisamehe. Huyu tajiri hakuuliza hata moja. Alinunua nyumba ya Mutsamudu akiwa amekaa zake Moroni, tena kwa mwanamume.

Nikaenda Moroni. Karani wa ofisi ya ardhi akafungua daftari, akakuta jina lako la tangu zama za Wafaransa. Na ile hati ya hiba, ya kunipa nyumba, uliyoniandikia nilipoolewa? Ilichomwa pamoja na karatasi nyingine za serikali, miaka ile ya mapinduzi vijana walipotawala. "Bila karatasi, dada, hakuna hiba," akasema. Nikamwambia, wewe ulizaliwa kwanza ndipo ukaandikiwa karatasi. Hakufurahi.

Bakari nilimkuta Vuvuni, kwa mkewe. Hakunitazama usoni. "Dada Zahara, mwenye nguvu mpishe. Yule ana marafiki kwa wale wazungu." Kumbe ndugu yangu aliogopa kabla hajauza, na aliogopa zaidi baada ya kuuza. Nikamwambia, vizuri, twende kwa kadhi wa kwetu ukayaseme hayo.

Kadhi alinisikiliza, akasema hiba si maneno tu. Mtoaji aachie, mpewa ashike. Nikamweleza. Asubuhi baada ya harusi yangu ulinipa ufunguo mbele ya majirani, ukachukua mto wako ukaenda Mirontsy kwa mdogo wako siku tatu, ili mtu asiseme ulitoa kwa mdomo huku umekalia kiti. Siku ya nne ukarudi ukasimama mlangoni, hodi! Na tangu hapo kila siku, hata ukitoka sokoni na mzigo kichwani, hodi. Ulinikera, Mama. Nikikwambia ingia, kwani u mgeni hapa, unanijibu, "Ndiyo. Mgeni wako." Jirani yetu Bi Eshata akatoa ushahidi wake na kuiga sauti yako, watu wakaangua kicheko. Mimi nikalia.

Tajiri, naye aliitwa na kadhi, akasema hayo ni maneno ya wanawake.

Kadhi akamgeukia Bakari, akamwekea msahafu mbele yake. "Mama yako alipokuwa akiingia nyumba ile, alifanyaje?" Lo, Mama! Nyumba yangu na ya binti yangu ikawa iko kwenye ulimi wa yule mwoga. Akaweka mkono juu ya msahafu. "Alikuwa akipiga hodi," akasema. "Hata siku tuliyomtoa hospitali, tumembeba, alituambia tusimame kwanza apige hodi."

Mimi siku hiyo nilikuwa ndani natandika kitanda chako. Nilikuitikia karibu, sikujua ninaitikia nini.

Kadhi akasema mwenye nyumba hapigi hodi kwake, akayavunja mauzo palepale. Tajiri akaja tena wiki ya pili, safari hii na mzungu mmoja, bastola kiunoni. Gari lao halikuweza kuingia vichochoroni mwetu, wakaja kwa miguu wakitota jasho. Majirani wakaninong'oneza, Zahara, mwenye nguvu mpishe. Sikumpisha mtu. Nikakaa kizingitini na hukumu ya kadhi mkononi, nikamwambia tajiri amfasirie mwenzake, hapa kwa binti mtu hubisha hodi, na asiyeitikiwa hurudi alikotoka. Sijui alimfasiria nini. Bi Eshata akaleta kigoda chake akakaa kando yangu, kisha akaja wa nyumba ya pili, wa tatu, mpaka kichochoro kikajaa wanawake. Mzungu akatutazama, akamtazama tajiri, akageuka. Hawajarudi. Sisemi hawatarudi. Nasema watanikuta.

Nimeandikisha hati mpya kwa kadhi, nakala tatu, na mojawapo iko kwa Bi Eshata, mbali na ofisi za watu. Nakuahidi wanawake wa Mirontsy sitawafukuza. Wameanza kunijia na maswali yao, nami nawakata kauli kama wewe. Lala salama, Mama. Mungu akupanulie huko ulipo.

La mwisho, na najua hutalipenda. Bakari yuko hapa tangu juzi. Tajiri anamtafuta Moroni amrudishie pesa zake, na wakwe zake wamemfungia mlango. Shangazi zangu wote wamesema asikanyage humu. Nimempa chumba cha mbele. Ukitaka kukasirika, kasirika. Nyumba ni yangu, namlaza nimtakaye.

Mwanao,
Zahara