Mashini Moja katika Nyumba Kumi na Mbili

Mama Hortense,

Nakuandikia kwa haraka na kwa aibu, tafadhali usinicheke gazetini. Mimi ni mzaliwa wa hapa Bunia, kazi yangu ni kuuliza maswali kwa niaba ya shirika moja la msaada ambalo mwaka 2001 liligawia wajane kumi na wawili mashini za kushona, na sasa, miaka mitatu baadaye, wakubwa wanataka kujua kama msaada ule umeleta mabadiliko ya kudumu, basi wakanipa fishi ya kujaza yenye maswali mawili tu, mashini ipo au haipo, inashona au haishoni, nami nikaanza kuzunguka. Nyumba ya kwanza, kwa Mama Immaculée, mashini ipo, gurudumu lake limefungwa kitambaa cha kijani, nikaandika ipo, nyumba ya pili ipo, na kitambaa cha kijani, ya tatu hivyo hivyo, na nikiwa njiani kwenda ya nne motard mmoja akanipita na mashini ile ile imefungwa nyuma ya pikipiki yake, kufika naikuta sebuleni na mwenye nyumba anahema. Mama, niliandika ipo mara kumi na mbili.

Kesho yake nilirudi kwa Mama Immaculée nikamwuliza kwa nini. Akaniambia: «Mutoto yangu, weye iko wa huku, unajua. Mwaka jana mwezi wa tano, wakati watu walikimbia, mashini yangu nilimupa shofere wa kamyo, akatubeba, miye na watoto yangu wane, mupaka Beni. Sasa wazungu wakisikia, si watasema siye tuko wezi wa musaada? Ndiyo tunapitisha hii moja yenye ilibakia.» Wenzake wawili waliporwa zao na watu wa silaha, mmoja aliiacha kwenye kizuizi ili apite na mama yake mgonjwa, wengine sijawauliza, kwa sababu fishi haina nafasi ya hayo.

Bosi wangu, Bwana Fulgence, amefurahi mno, kumi na mbili kwa kumi na mbili, amewaita wafadhili Jumamosi waone mashini zote pamoja katika ukumbi wa parokia, na kwa sababu ya ripoti yangu wanataka kupeleka nyingine kwa wajane wa Nizi. Nikisema kweli nitafukuzwa, na nyumbani kwetu ni mimi peke yangu ninayefanya kazi, tena wale mama wataitwa wezi. Nimefikiria kuazima mashini kumi na moja kwa mafundi wa sokoni, asubuhi moja tu. Nifanye nini?

Mwenye fishi, Bunia

*

Binti yangu mwenye fishi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimesimama, maana hasira zilinikatalia kukaa. Uazime mashini kumi na moja! Na wafadhili wakirudi mwaka ujao, utaazima tena? Mafundi wale wana midomo. Mmoja ananishonea nguo, na habari za mtaa mzima huzipata kwake kabla sijaipata nguo yenyewe.

Nakuhurumia, kupoteza kazi katika mji huu si mchezo. Lakini uliona mashini inakupita njiani juu ya pikipiki, ukaandika ipo! Na hata ungeandika haipo mara kumi na moja, bado usingekuwa umesema kweli, na hapo ndipo shirika lenu zima linaponichosha. Nani aliwaambia kwamba msaada hupimwa kwa kuhesabu vyuma? Fishi hiyo iliandikwa na mtu ambaye hajawahi kukimbia na sufuria kichwani. Haina hata mstari mmoja wa kuuliza: mashini ilikwenda wapi, na ilipokwenda ilikupa nini? Ya Immaculée haijamshonea hata kifungo tangu mwaka jana, lakini ilifanya kazi kubwa. Za wale walioporwa zimewaachia machungu, na hilo nalo liandikwe bila kupambwa.

Na Nizi? Huko watu bado wanalala na vifurushi mlangoni. Kwa kumi na mbili yako ya uongo, mjane wa Nizi atapewa chuma kizito asichoweza kukimbia nacho, na atakayekuja kukichukua atakuja na bunduki. Waulizwe wenyewe kwanza: siku ya kukimbia, mtabeba nini?

Sasa sikia. Gazeti hili linatoka Alhamisi. Majina yote nimeyabadilisha, lakini Bunia ni ndogo, na bosi wako anajua kusoma. Kwa hiyo ukifika mstari huu, inuka. Ingia ofisini mwake, funga mlango, mwambie: «Chef, niliandika uongo, kweli ni hii.» Usilie mbele yake. Akikufukuza, njoo kwangu tutafute kazi pamoja, na neno hilo simwambii kila mtu. Asipokufukuza, Ijumaa zunguka tena nyumba zote kumi na mbili na karatasi nyeupe, uandike kila mama atakavyosema.

Jumamosi peleka ukumbini mashini moja tu, ile ya kitambaa cha kijani, na mama wote kumi na wawili. Mwambie Immaculée aje na watoto wake. Mgeni akimwuliza mashini yake iko wapi, awasimamishe wale wanne, mmoja mmoja, awataje majina.