Théophile ameitika

Ma Berthe, niko nje ya darasa. Bado sijatulia.

Unajua napanga mafunzo ya kompyuta kwa walimu wa shule zetu za Likasi. Leo nilikuwa naita majina ili kuunda vikundi. Orodha ilitoka ofisini, na kwetu jina la mwalimu halifutwi hata akiondoka. Nikaita bila kufikiri: Tshimanga Théophile.

Nyuma kabisa sauti ikajibu: "Présent."

Théophile wetu. Yule aliyengoja treni kituoni, mwaka 93, Wakasai walipofukuzwa hapa Katanga warudi Kasai.

Akasimama mwanamke. "Minye niko Laure, mutoto yake. Niko nafundisha ku masomo ya Kikula. Papa alikufa ku gare ya treni, kabla treni ifike. Alisema siku wataita jina yake, tuitike."

Nikamuuliza kama nilifute. Akasema hapana, liache.

Kisha akaniuliza, polepole kabisa: "Mulifundisha naye pamoja. Juu ya sababu gani hamukukuya kumuona ku gare?"

Berthe, alilala pale majuma matatu. Kutoka shuleni kwetu ni dakika kumi kwa miguu. Mimi na wewe tulisema tutaenda Jumamosi.

Nikasoma jina lililofuata.