Nyumba ya Dungog Ambamo Hatujawahi Kulala

Graeme,

Mchuzi wa kondoo uko kwenye friji, upashe moto taratibu. Mbwa ameshakula, asikudanganye. Kirsty akipiga simu, mwambie mama yake ni mzima.

Asubuhi ulipokuwa bafuni simu yako ililia, nikaipokea. Alikuwa dada mmoja wa ofisi ya kodi ya ardhi. Akaniuliza tunaendeleaje na maisha ya Dungog, maana umewaandikia kwamba tumehamia kwenye ile nyumba yetu ya huko tangu Februari, ndiyo maana wametusamehe kodi. Na sahihi yangu iko hapo chini ya yako. Mimi sijasaini kitu.

Ulipotoka nikakuuliza, ukanijibu, "Usikuze mambo, Robyn, ni karatasi tu." Miaka mitatu nimekuomba tuhamie. Kila mara ni subiri kibali cha baraza la mji, subiri mabomba ya maji. Kumbe kwenye karatasi nilishahama zamani, ila hukunipa habari.

Ulipokwenda kazini nilimpigia yule dada, nikamwambia ukweli kwamba hatujalala kule hata usiku mmoja. Akasema kodi ya mwaka huu tutalipa, lakini msamaha utarudi mwenye nyumba akihamia kweli na kukaa miezi sita.

Nimechukua birika, godoro la kambi na yale mablanketi mazito. Jumamosi njoo na ile ngazi... hapana, hiyo nimeifuta. Usije.

Nilimuuliza kama ni lazima tuhamie wote wawili. Akasema mmoja anatosha.

Mama Kirsty