Limebaki Stata Tu

4 Mei

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima. Baba anakula na kulala vizuri, tatizo ni macho tu. Natumaini wifi yangu hajambo na mtoto kikohozi kimemwachia.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unasema "nitakupigia, Dada", halafu kimya. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza kauli.

Jana nilimpeleka Baba kliniki. Presha ya macho imeshakula pembeni kote. Anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na hapo katikati napo panaziba. Daktari hakusema lini. Alisema kama kuna kitu mzee anatamani kukiona, asicheleweshwe.

Njiani nikamuuliza anatamani nini. Akajibu papo hapo: "Nipelekeni hifadhini." Fikiria, mtu aliyeichonga barabara ile kwa greda kutoka hapa mjini mpaka ndani kabisa, na hajawahi kuipita akiwa abiria!

Mpango ni huu. Wewe uje na gari lako Ijumaa ile shule itakapofunga mwezi ujao, maana kabla ya hapo siwezi kuiacha stoo ya shule. Jumamosi tuondoke alfajiri, wanyama wakiwa bado wanakunywa maji. Getini wameniambia gari la chini halifiki, kwa hiyo teksi za hapa hazitufai. Ni lako tu. Baba akae mbele. Darubini nimeazima kwa mwalimu wa jiografia. Nimeyaandika yote hapa, kwa hiyo usiniambie hukuelewa.

Baba anachouliza ni kama kalvati lake, lile la chini ya barabara kwenye bonde la pili, bado linapitisha maji. Nimemwambia awaze tembo, barabara atuachie sisi.

Dada yako.


15 Mei

Dada mpendwa, kamanda wa msafara,

Shikamoo, na Baba mpe shikamoo yake. Sisi tunadunda. Kikohozi cha mtoto kimeisha, sasa anapiga kelele mpaka majirani wanakitamani kile kikohozi.

Habari za Baba zimenikata maini. Nakuja, hilo halina mjadala. Gari liko tayari, limebaki alternata tu, ile ya kuchaji betri. Ilikuwepo, usianze! Kuna dereva wa teksi aliletwa hapa gereji akivutwa kwa kamba, analia kama amefiwa. Nikamchomolea ya kwangu ajishikize. Ataleta wiki hii.

Mwambie Baba asafishe miwani.

Mdogo wako.


8 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi tupo.

Ijumaa tulikungoja mpaka chakula kikapoa. Nikafikiri labda utaingia alfajiri. Jumamosi Baba aliamka kabla yangu, akavaa lile koti la kazini lenye vifungo vya shaba, akakaa kwenye benchi la nje. Kila gari likipita anageuza kichwa chote, maana kwa pembeni haoni. Mara anasema, "Hili ni dizeli, silo lake." Mara nyingine, "Hili limekufa springi, huenda ndilo." Jua lilipokuwa kali nikamwambia aingie ndani. Akasema, "Gari la fundi huchelewa, ngoja kidogo." Alikuwa anakutetea wewe!

Simu yako ilikuwa imezimwa. Nini kilitokea safari hii?

Darubini nimeirudisha, mwenyewe anaihitaji. Nimeomba ruhusa kazini hata kama shule itakuwa imefunguliwa, na mkuu wa shule amenitazama kama nimemwomba figo.

Dada yako.


17 Juni

Dada,

Shikamoo. Najua umenuna. Sikiliza kwanza.

Alternata ilirudi. Alhamisi nikaliwasha gari, likanguruma vizuri, hata wifi yako akatoka nje kushangaa. Jioni akaja mzee mmoja na pikapu iliyojaa nyanya, stata imekufa, na nyanya zinaanza kuchuruzika. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nikampa yangu aifikishe sokoni. Hajarudi mpaka leo. Nikazima simu kwa aibu.

Ila mengine yote yako sawa, limebaki stata tu. Mwambie Baba namwazia sana.

Mdogo wako.


19 Juni

Mdogo wangu,

Ningekuwa mimi, ningezisukuma hizo nyanya.

Unamhurumia kila anayeingia kwenye gereji yako akivutwa. Baba yako havutwi, amekaa benchi, ndiyo maana humwoni. Jana amemimina chai pembeni ya kikombe, akafuta meza kwa mkono wa shati ili nisijue.

Hiyo stata ichomoe kwenye gari la mtu mwingine, kwa mara moja maishani mwako.

Dada.


20 Julai

Dada,

Shikamoo. Leo sina utani.

Barua yako ilinikaa kifuani, ndiyo maana nilichelewa kuijibu. Stata nimepata. Kila kitu kiko mahali pake, na usiku nalala na ufunguo wa kufuli la boneti chini ya mto. Jana alikuja mteja kuomba pampu ya maji, wifi yako akamfukuza kabla sijafungua mdomo. Nije lini? Sema siku yoyote.

Mdogo wako.


25 Julai

Mdogo wangu,

Barua yako imefika. Baba ameshakwenda.

Usishtuke, yupo, anakunywa uji. Namaanisha ameshakwenda hifadhini. Wiki iliyopita lori la idara ya barabara lilisimama hapa kuomba maji ya rejeta. Dereva alikuwa turniboi wake zamani, msaidizi wake kwenye greda. Walikuwa wanapeleka kokoto mpaka ndani ya hifadhi. Niliporudi kazini nikakuta benchi tupu na koti halipo.

Alirudi jioni, mweupe kwa vumbi mpaka kope. Nikamuuliza, "Baba, umeona tembo?" Akasema, "Walikuwepo, nadhani. Twiga niliwadhania nguzo za simu. Lakini kalvati langu bado linapitisha maji!" Akaendelea hadi wakati wa kulala: kona ya kwanza wameiharibu, mlima wa mwisho uko vile alivyouacha. Mdogo wangu, tangu mwanzo alikuwa anatuambia anachotaka, na mimi nikamwazimia darubini.

Tangu juzi hanioni nikisimama mlangoni. Anasema, "Nani hapo?" mpaka niongee.

Nimemsomea barua yako. Akauliza, "Gari limepona?" Nikasema limepona. Akasema basi uje umpeleke tena. Nikamwambia, Baba, sasa utaona nini? Akanijibu kwa ukali kidogo: "Nani kasema kuona? Aendeshe polepole, madirisha wazi. Kila tutakapofika nitamwambia ni wapi."

Bado nina hasira na wewe, na zingine nimejiwekea mwenyewe. Jumamosi, alfajiri. Atakuwa benchi, na safari hii atakujua kwa mlio tu, kwa hiyo usithubutu kuja na gari la mtu.

Dada yako.