Mwanangu Amenifungia Bembea Yangu kwenye Buti la Gari

Dona Marilza, wewe ambaye nakusoma gazetini kila Jumamosi kabla hata miwani haijakaa sawa puani, leo na mimi nimebisha hodi kwako, nipokee, maana nina furaha ambayo sijui niiweke wapi na nina ugomvi ndani ya nyumba, na vyote viwili vimeletwa na kitu kimoja, bembea ya kulalia.

Naitwa Odaleia, nina miaka sitini na mitatu, naishi hapahapa Manaus, mtaa wa Compensa. Nilikuwa mpishi wa shule mpaka nikastaafu, ni mjane, na nina mtoto mmoja tu, Ederson, anayekaa ghorofa ya juu yangu na mkewe Keila na wajukuu zangu wawili, hivyo wakikohoa nasikia na nikikohoa mimi wanashuka. Nilizaliwa mtoni na kulelewa kwenye bembea kama kila mtu wa kule, lakini tangu niolewe nimekuwa mtu wa kitanda, bembea ikabaki ya kibarazani, ya kujinyoosha kidogo baada ya chakula cha mchana.

Sasa mwaka huu daktari wa presha akanituma kwenye mazoezi ya bwawani, na huko ndiko nilikokutana na Zuleide, fundi cherehani mstaafu, mwembamba kama ufito, na mdomo wake hauna breki. Siku moja tunajikausha akaniambia, "Odaleia, Ijumaa mimi na wenzangu tunaingia msituni, tunafunga bembea, tunalala hukohuko, tunaoga kijitoni, Jumapili tunarudi. Unakuja, au una mimba?" Nikamwambia sijalala nje tangu nikiwa msichana, akasema, "Vizuri, basi huna mazoea mabaya ya kukuondolea," na Dona Marilza, sijui nilipatwa na nini, nikasikia mdomo wangu unasema nakuja.

Ederson nilimwambia nakwenda mafungo ya kanisa. Najua. Usianze kunisema, ngoja nimalize.

Nikachukua bembea ya kibarazani na kamba ya kuanikia nguo, nikaenda. Wenzangu walikuwa wanawake wanne, wote wa umri wangu au zaidi, kila mmoja akachagua miti yake miwili kama mtu anayechagua tikiti sokoni, anagonga, anatazama juu, anakataa, anasogea. Mimi nikafunga kwenye miti ya kwanza niliyoiona, nikaivuta bembea ikakaza kama uzi wa gitaa, maana nilidhani ikilegea nitagusa chini, kisha nikaketi juu yake kwa heshima zote, na ikanigeuza kama mkate wa muhogo kwenye kikaango, nikaenda chini kifudifudi. Zuleide akaja taratibu, akanitazama pale kwenye majani, akauliza, "Shoga, ulikuwa unalala au unaanika nguo?" Tulicheka mpaka nikashindwa kuinuka, na walipotaka kuninyanyua wakashindwa na wao.

Wakanifungia upya, nikalala, na hapo sikufundishwa tena kwa sababu nilijifanya najua. Nililala nimenyooka katikati kama maiti, mgongo ukapinda kama ndizi. Kulipokaribia kucha ikanyesha ile mvua yetu isiyopiga hodi, na turubai nilikuwa nalo, lakini maji yakaifuata kamba kama mgeni aliyeelekezwa nyumba, yakaja moja kwa moja mpaka kiunoni. Baridi nayo ikapanda kutoka chini, mimi niliyedhani Manaus hakuna baridi. Nikalala pale nimelowa, meno yanagongana, na kima wekundu wakaanza kunguruma huko mbali kama malori yanayopanda mlima, ukungu unatoka kijitoni, na ghafla nikagundua kwamba tangu niolewe sijawahi kuamka bila mtu kuniita. Mama hiki kiko wapi, Odaleia chai, bibi nataka kukojoa. Pale hakuna aliyeniita. Nililia kidogo, Dona Marilza, lakini ni kile kilio kinachoacha mtu mwepesi, kisha nikashuka nikaingia kijitoni na nguo zangu zote kwa sababu zilikuwa zimeshalowa hata hivyo, na nikaimba.

Nilirudi nyumbani nina matope mpaka masikioni na nimepata miaka ishirini ya bure. Ila Zuleide akaweka picha yangu kwenye kundi la mazoezi, mimi ndani ya bembea, mguu mmoja nje, nimefungua mdomo kama samaki wa tambaki aliyevuliwa, na katika kundi hilo yumo shangazi yake Keila.

Ederson alishuka na simu mkononi. Akauliza, "Mama, haya ndiyo mafungo?" Nikamwambia tulisali pia, na kweli tulisali, mvua ilipoanza. Hakucheka. Akasema, "Umetoka hapa na bembea, siku moja utarudi kwenye machela." Nikamwambia nina akili zangu. Akasema, "Mwaka jana ulianguka bafuni nikakubeba mimi ngazi zote mpaka garini, umesahau? Mimi sijasahau." Akaichukua bembea, akaikunja, akaifungia kwenye buti la gari lake, na funguo anatembea nazo. Mimi niliyemwosha mtu huyu, Dona Marilza, nanyang'anywa kitu kama mtoto wa chekechea.

Keila akaongeza kwamba Jumamosi na Jumapili ndizo siku za wajukuu kukaa kwangu, maana yeye yuko dukani na Ederson anatazama mpira, sasa mimi nikiwa juu ya miti watoto watakaa na nani. Wajukuu nawapenda, nikaenda kuwapikia uji.

Sasa maji ya Mto Negro yameshuka, fukwe nyeupe zimetoka, na wenzangu wanapanda mto kwa boti, siku kadhaa, wanafunga bembea kwenye miti ya ufukweni. Nahesabu siku kama binti anayesubiri kuposwa. Zuleide anasema, "Mwambie mafungo yameongezwa muda." Nafsi moja inaniambia nidanganye tena niende, nafsi nyingine inaniambia niache, nizeeke kwa adabu. Nikidanganya nitampoteza mwanangu. Nikiacha, najua nitamchukia kimyakimya kila Jumapili, na sitaki kumchukia. Nifanye nini, na je, mwanamke wa uzito wangu anaweza kweli kujifunza kulala kwenye bembea bila kuwa kichekesho?

Odaleia, Compensa

*

Odaleia, barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya kazi na mara ya pili kwa ajili ya kucheka. Sasa kaa vizuri nikuseme, kwa sababu kusemwa kunakustahili kidogo.

Kwenda msituni hukukosea. Ulikosea kudanganya mahali ulipo. Fikiria nyoka angekuuma, au mguu ungeteguka kule kijitoni. Mwanao angekwenda kukutafuta kwenye ukumbi wa parokia, angempigia simu padri, na padri angemwambia hakuna mafungo. Kabla hujafikiria kamba wala turubai, jifunze hili: anayelala msituni huacha nyuma yake mtu anayejua yuko wapi, na nani, na anarudi lini. Zuleide wako nampenda, lakini katika suala la uongo mfunge huo mdomo kwa uzi wake mwenyewe.

Ederson naye. Ulivyomweleza, ulitaka nimwone jeuri, na kwa kufunga bembea ya mama yake kwenye buti kweli ni jeuri, hiyo airudishe. Lakini mwanamume aliyembeba mama yake ngazi zote hajaiteremsha ile hofu mpaka leo. Hofu hiyo haiondoki kwa wewe kusema una akili zako. Nenda kwa daktari wako, na Ederson aje nawe, asikie kwa masikio yake presha yako iko wapi na unaruhusiwa nini. Daktari akisema hapana, ni hapana, na utaniandikia tena tulie pamoja. Akisema ndiyo, mwanao atakuwa amebishana na daktari, siyo na wewe.

Halafu kuna hili ulilolipitia haraka haraka kama mtu anayepita mbele ya mbwa. Wikendi. Odaleia, wewe ulistaafu kazi ya shule ukaajiriwa nyumbani bila kuulizwa. Nani akae na watoto Jumapili ambayo haupo? Baba yao. Mpira anaweza kuutazama na watoto wakiwa mapajani, wengi hufanya hivyo na hakuna aliyekufa. Waambie Ederson na Keila pamoja, mezani, bila kununa na bila kuomba radhi: wikendi moja ya kila mwezi ni yako. Usiseme "naomba." Sema "nimepanga."

Na kuhusu kuwa kichekesho, bembea haina ubaguzi wa uzito, inabagua wasiojua kufunga. Mimi nimelala kwenye bembea za msituni kuanzia nikiwa na kiuno mpaka sasa nilipo, kwa hiyo nisikilize. Ile kamba ya nguo irudishe kwenye nguo. Tafuta mikanda mipana ya kuzungushia mti, haitauchubua mti wala haitateleza. Miti iwe mizima, minene kuliko paja lako, na wenzako walipokuwa wanatazama juu walikuwa wanatafuta tawi kavu, kwa sababu likidondoka halichagui. Usikaze. Bembea ilegee, katikati yake ishuke kama tabasamu, na isipande juu kuliko kiti cha mezani, ili ukianguka uanguke kama mtu aliyekosea kuketi. Keti kwanza katikati, makalio yote mawili, ndipo uinue miguu. Na usilale umenyooka katikati, jamani, lala mshazari, kichwa upande huu na miguu upande ule, utaona kitambaa kinanyooka na mgongo unanyooka nacho. Hiyo ndiyo siri yote ya bibi zetu, na wewe ulizaliwa nayo ukaisahau kwenye godoro.

Maji yale yaliyokutembelea kiunoni, dawa yake ni uzi. Funga kipande kifupi kwenye kamba kabla haijafika kwenye bembea, kining'inie, maji yakifika hapo yatashuka nacho yaende zake. Baridi inatoka chini, kwa hiyo blanketi la kwanza ni la mgongoni, la kujifunika ni la pili. Chandarua usikisahau, viatu vining'inize na uvikung'ute kabla ya kuvaa, dawa zako za presha ziwe mfukoni na siyo kwenye begi lililobaki botini. Na kabla ya safari hii, lala uani kwa mtu, palipo na choo na taa karibu, mpaka uweze kuingia na kutoka bila kuita watu.

Nenda, Odaleia. Nenda kwa mlango wa mbele, saa ya mchana, begi likionekana.

Marilza

*

Ninaongeza hapa chini ujumbe wa sauti alioutuma Odaleia baada ya safari, kwa ruhusa yake, jinsi ulivyo:

"Dona Marilza, daktari alikubali, ila amenikataza kubeba mizigo mizito, na Ederson akasikia. Mezani Keila alinuna, kisha akasema basi na yeye anataka wikendi yake moja, nikamwambia kapange na mumeo. Bembea Ederson aliirudisha bila neno. Kesho yake akaja na mikanda mipana, mipya, akasema, 'Ile kamba yako isingeshika hata kuku.' Tukafunga uani, akapanda yeye kwanza kujaribu, na ikamgeuza. Mimi nilitazama pembeni, ni mtu mzima yule.

"Siku ya safari alinibebea begi mpaka gatini, analalamika njia nzima, akaomba namba ya nahodha, akavuta mikanda tena na tena kama vile miti ilikuwa pale. Boti ikaondoka, akabaki amesimama na watoto, haondoki, tukazidi kuwa mbali na bado haondoki. Zuleide akaniuliza, 'Yule mwanao analia?'

"Nikamwambia ni jua linamuumiza macho. Lakini jua, Dona Marilza, lilikuwa mgongoni mwake."