Namba ya Duka

Kashaulili, Mpanda
Jumanne mchana

Mdogo wangu Farhan,

Assalaam alaykum. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu Hadia na tumbo lake. Miguu bado inamvimba? Mwambie apunguze kukaa kwenye cherehani, na akilala aiweke juu ya mto. Sisi huku Mungu anatusitiri. Mvua imekatika mapema, mahindi ya watu wa Kakese yameanza kukauka majani ya chini, na bei ya kila kitu unaijua.

Usishangae kupata barua zama hizi. Simu nimeichoka, Farhan, nimeichoka mpaka mlio wake sitaki kuusikia. Na kila nikipiga ya kwako anapokea wifi, tunaishia kuulizana habari za uvimbe na dagaa. Basi hii nimempa yule mama wa dagaa anayepanda treni, nimemwapisha akupe wewe mkononi, asimpe mtu mwingine yeyote. Nakwambia mapema usije ukasema sikukuandaa: nyumba yangu na Amri imekaa vibaya, chanzo ni simu ya duka, na mkono wako umo. Kaa chini usome mpaka mwisho, usiruke.

Namba ya duka unajua ilivyo. Tangu tuwe wakala wa pesa za simu, watu wa Kakese na Mwamkulu wasio na simu wanaitumia kama ya kwao. Mtoto wa mtu akifika salama Dar, anapiga kwetu. Ng'ombe wakipotea, kwetu. Msiba ukitokea, kwetu. Nilikuwa najisifia jambo hilo. Sasa hospitali wakaleta mfumo wao. Zamani ulikuwa na daftari lako, unakwenda nalo, unarudi nalo, unalificha unapojua wewe. Siku hizi yote yako kwenye kompyuta, na dirishani lazima utaje namba ya simu. Ukisema huna, unaambiwa mfumo haukubali. Unadhani watu walifanyaje? Walitaja yangu, ya Mwanaiddi! Kila mmoja kwa wakati wake, bila kuniambia, na wala hawakuona ubaya, maana kwao ndiyo namba yao.

Ndipo meseji zikaanza kumiminika. Fulani arudi kupima kikohozi. Mama fulani majibu yake ya mkojo yametoka. Lyamba, yule mzee anayeniletea mkaa kwa baiskeli, anakumbushwa kliniki ya mambo ambayo mimi mke wa mtu sipaswi kuyajua. Mtu anakuja kununua sabuni, namtazama usoni, naona meseji yake. Wanasema siri ya mtungi aijuaye kata. Mimi nimefanywa kata ya mitungi ya watu wote, na sikuomba.

Na Amri unamjua. Roho yake nyeupe, ila mdomo hauna breki. Meseji ikiingia anaisoma kwa sauti, anaona ni huduma, kama tunavyowaita watu pesa zao zikifika. Siku moja duka limejaa, Ngusa wa Kakese amekuja kuchukua chumvi ya ng'ombe, ikaingia meseji ya mkewe Nyanzala. Mimi napima sukari. Nikamsikia Amri anamwambia Ngusa mbele za watu kwamba mkewe anaitwa, muda wa sindano yake ya uzazi wa mpango umefika. Jamani! Kumbe ukoo mzima wa Ngusa ulikuwa unamzungusha yule binti kwa waganga kwa sababu hashiki mimba tena, na yeye alikuwa anachoma sindano kimya kimya maana uzazi wa mwisho nusura umuue. Ngusa aliiacha chumvi juu ya kaunta akatoka. Nyanzala akarudishwa kwao Mwamkulu, wanawe wamebaki kwa bibi yao.

Baadaye Nyanzala alikuja dukani. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea. Yeye aliniita tu Ng'wana Idi, kama Wasukuma wanavyoniita, akaniuliza alinikosea nini. Amri alijificha stoo mpaka binti wa watu akaondoka.

Nikapandwa na hasira, nikajifunga kanga nikaenda hospitali. Dirishani kuna karani anaitwa Celestin. Nikamweleza taratibu kwamba naomba namba yangu iondolewe kwa wagonjwa wote. Akaniuliza kwa sauti, foleni nzima inasikia, mimi nasumbuliwa na nini. Nikamwambia nasumbuliwa na nyie. Akasema haiwezekani mpaka kila mgonjwa aje mwenyewe na kitambulisho chake na namba nyingine. Nikamwambia namba nyingine hawana, ndiyo maana wakataja yangu. Akasema basi mfumo hautakubali. Nikamwomba anitajie angalau ni kina nani, niwafuate mwenyewe majumbani kwao. Hapo akakaza uso, akanieleza kwamba taarifa za wagonjwa ni siri, haruhusiwi kumpa mtu asiyehusika. Farhan, nilicheka mpaka machozi yakatoka, na haikuwa furaha. Mimi nisiyehusika ndiye ninayezipokea kutwa nzima!

Ila nimpe haki yake, malalamiko yangu aliyaandika, na yakafanyiwa kazi. Unajua walifanya nini? Walitoa majina. Sasa meseji zinakuja zimeandikwa Mteja wetu unakumbushwa hiki, Mteja wetu umekosa kile. Wanasema ndiyo faragha. Mwanzo nilikuwa nikimwona mwenyewe namwita pembeni nampa ujumbe wake. Sasa sijui ni wa nani, na Amri amepata kazi mpya ya kubahatisha. Watu nao wameanza kutuogopa. Wanavuka barabara kununua chumvi ileile kwa jirani.

Sasa nakuja kwako.

Mwanzoni mwa mwezi huu alipiga muuguzi mmoja wa kike. Akauliza kama mimi ndiye Mwanaiddi, dada yake Farhan. Nikasema ndiyo, nikajua umepata ajali. Akauliza mbona ndugu yangu haonekani siku hizi kuchukua dawa zake, na mimi ndiye nimeandikwa msaidizi wake wa matibabu. Nikamuuliza dawa gani. Hapo akajua ameteleza, maskini, alidhani msaidizi anajua anachosaidia. Akamalizia kwa kusema nikwambie ufike CTC, hata ya huko Kaliua, maana mfumo sasa ni mmoja. CTC, Farhan! Hapa Mpanda hata mtoto wa chekechea anajua pale watu wanafuata dawa za UKIMWI.

Nilikaa juu ya gunia la mchele. Na wazo la kwanza halikuwa ugonjwa wako, Mungu anisamehe. Niliwaza zile safari zako. Kila baada ya muda unashuka treni, unasema umemkumbuka dada, kesho yake asubuhi unaniambia unatembea kidogo mjini, unarudi mchana tunakula wali. Mtaa mzima nimewatambia kwamba mimi nina mdogo wa kiume anayenipenda, anatoka Kaliua kuja kuniona tu. Kumbe ulifuata dawa, mimi nilikuwa gesti yako. Iliniuma, sikufichi, inaniuma hata sasa ninapoandika. Halafu nikakumbuka kwamba mdogo wake wifi anafanya kazi mapokezi kwenye kituo cha afya cha huko kwenu, nikaelewa kwa nini ulikimbilia huku. Nikaelewa, na hasira haikuisha.

Siku ileile jioni ikaingia meseji yenyewe. Mteja wetu, umekosa kufika CTC, tafadhali fika. Na simu ilikuwa mkononi mwa Amri. Akaanza kubahatisha, eti itakuwa ya Lyamba, au ya yule mama wa Mwamkulu aliyekonda. Lyamba mwenyewe alikuwa nje barazani anashusha mkaa. Amri akainuka akamuulize kabisa, kwa nia yake njema ileile iliyomrudisha Nyanzala kwao. Nikamdaka shati. Nikamwambia akae, aache watu wa watu, meseji ni yangu.

Ndiyo. Nimemwambia mume wangu kwamba mgonjwa ni mimi. Sikupanga. Ningesema sijui, angetoka nje kwa Lyamba. Ningesema ni yako, habari ingefika Kaliua kabla ya treni. Mdomo ukasema wenyewe, na neno likishatoka halirudi.

Nilitegemea kelele. Nilitegemea hata talaka. Amri alikaa palepale. Kesho yake akaenda kupima peke yake, akarudi akaniambia yeye hana, na kwamba hataniuliza niliupata wapi. Na tangu siku hiyo hajamwambia mtu. Amri huyu, Farhan! Mtu asiyeweza kuficha hata bei tuliyonunulia sukari, amefunga mdomo kwa ajili yangu. Kila asubuhi ananiletea maziwa. Ananiuliza kama nimemeza dawa, namjibu nimemeza. Wiki iliyopita nimemkuta stoo amekaa kwenye maboksi analia, akasema ni vumbi la unga. Ananiuguza ugonjwa nisio nao, na mimi nakunywa yale maziwa mpaka tone la mwisho. Bora angenifokea.

Sasa amesema Jumatatu ijayo anafunga duka, anisindikize kliniki tukachukue dawa wote wawili, ili nisione haya. Celestin atafungua kompyuta yake, hatanikuta. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu inaishia Jumatatu pale dirishani.

Kwa hiyo nisikilize. Amri siwezi kumwambia bila ruhusa yako. Siri ni yako, hata kama uliniandikisha bila kuniuliza. Lakini wewe una mtu wa kumwambia kwanza. Wifi amenieleza mwenyewe kwenye simu kwamba kila akitaka kuanza kliniki ya wajawazito unamzuia, leo unasema hakuna nauli, kesho unasema ni mapema. Nilidhani ni uzembe wako wa siku zote. Sasa najua unaogopa wampime. We Farhan, una akili kweli? Mama akianza dawa mapema mtoto anaweza kuzaliwa salama kabisa, hilo redio inalisema kila siku, hata sisi wauza chumvi tunalijua. Kila wiki unayomzuia unamnyima mwanao. Na wewe mwenyewe umeacha dawa, kwa faida ya nani?

Mwambie leo, kwa kinywa chako. Atalia, atafungasha, pengine atakwenda kwao. Hiyo ni haki yake. Bora aisikie kwako kuliko kwa mdogo wake wa mapokezi, au kwa simu inayomwita Mteja wetu. Akishapimwa, panda treni uje. Nataka Jumatatu hiyo uwe umekaa sebuleni kwangu na umweleze shemeji yako mwenyewe. Atakasirika, halafu atakuletea maziwa, nimeshamjua.

Usipokuja, sitakutaja. Nitakwenda na Amri mpaka dirishani, nitajiandikisha, nitapima mbele yake, ataona sina. Atataka kujua basi ile meseji ilikuwa ya nani, nami nitanyamaza, naye ataamini kuna mwanaume namficha. Hilo nitalibeba, kwa kuwa ulizaliwa nikakubeba mgongoni. La wifi na mtoto silibebi. Ikifika Jumatatu hajajua, Jumanne nipo kwenye treni, nakuja kumwambia mimi.

Msalimie sana, mwambie wifi yake wa Mpanda anamwombea heri usiku na mchana. Wasalimie na majirani wanaoniuliza. Amri angekusalimu, ila hajui kama nimekaa nyuma ya duka naandika. Mungu akupe kinywa chepesi na moyo imara.

Ni mimi dada yako mwenye hasira,
Mwanaiddi